Mwamba Mkavu wa Asubuhi

Andika hivi, mjukuu wangu, bila kupamba. Baba yangu alizaliwa Werugha, katika baridi ya milima ya Taita. Mama yangu alizaliwa chini ya mlima Kasigau, ambako ndovu walikula mahindi ya wazazi wake mpaka wakachoka kupanda. Majina yao unayajua, yabaki kwako. Mimi sikupelekwa shule. Nilichunga mbuzi, na nilifungua maji.

Hilo la maji liandike vizuri. Shamba letu la Werugha lina mwamba mrefu, na mto huporomoka kutoka juu yake hadi kwenye kidimbwi. Juu ya mwamba kuna mfereji uliochimbwa na babu zetu. Tangu alfajiri mpaka jua linapoanza kushuka, mto wote huzibwa kwa magogo ya migomba na udongo, ukaelekezwa mferejini, ili mashamba ya ukoo wa juu yanywe. Baadaye kizuizi huondolewa, mto ukarudi mwambani, nasi wa chini tukapata zamu yetu. Zamu hiyo haivunjwi kwa harusi wala kwa mazishi.

Baba yako hajui haya. Alikulia Voi alikosomea, na huko juu alipelekwa siku za kuzika tu. Watu wetu huzika alasiri. Kila alipofika aliona maji meupe yakinguruma, akaamini kwamba hunguruma siku nzima.

Wewe ndiwe uliyemwonyesha mgeni wake picha uliyoipiga tulipomzika shangazi yako. Mgeni huyo, mtu wa bara mwenye maduka Voi, alikuwa akitafuta maporomoko ya kupeleka watu kwa gari, watoke asubuhi na kurudi jioni. Mengine aliyoonyeshwa yalikuwa mbali na barabara. Ya kwetu gari linafika karibu.

Baba yako akaja kuketi karibu nami.

"Baba, akiyapenda ananunua shamba lote. Binti ataingia chuo cha wauguzi. Wewe utaweka kidole gumba tu."

"Asipoyapenda?"

"Maji kama yale? Atayakataaje?"

"Basi tuondoke alfajiri," nikamwambia. "Milimani jua halifai."

Alifurahi mno. Asubuhi ile alipiga magoti akanifunga kamba za viatu, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata nilipokuwa mgonjwa. Nilikitazama kichwa chake kilichoinama na sikubadili nia. Ningeweza kumkatalia, lakini angerudi kesho na keshokutwa kuniomba, na mimi nala mezani kwake. Nilitaka asirudi tena.

Tulipita sote wanne mikonge ya Mwatate kukiwa bado na umande, tukapanda. Mgeni aliimba njia nzima. Tulipofika, aliruka nje ya gari akiwa ameshika simu tayari kupiga picha, kisha akasimama. Mbele yake palikuwa na jiwe kavu, na kidimbwi chenye majani yaliyooza.

"Mzee," akaniuliza, "maporomoko yenyewe iko wapi?"

"Unayatazama."

Alicheka mpaka akashika magoti. "Ndugu yangu," akamwambia baba yako, "hata mfereji yangu ya bafu inamwaga maji kushinda hii! Nilete watu kutoka Mombasa waone mahali mbuzi imekojoa?"

"Yalikuwapo," baba yako akasema. "Naapa yalikuwapo. Baba, mwambie."

"Nimwambie nini? Mimi si bomba."

Alinitazama kama mtoto aliyepigwa bila kuambiwa kosa. Nikageuka.

Ningependa tuondoke papo hapo, lakini mgeni alikuwa amebeba mayai ya kuchemsha na chai, akaketi kivulini kula. Alikula polepole, huku akitafuta majina mapya ya kumwita baba yako: mwenye bahari, waziri wa maji, nabii wa kupiga mwamba. Jua lilipanda, likasimama, likaanza kuinama. Nilijua kwamba huko juu watu wetu walikuwa wakishika majembe.

"Sasa chatu hutoka," nikasema.

"Chatu?"

"Hutoka kidimbwini kuota jua. Mwaka jana alimbeba mbuzi."

Hakukuwa na chatu. Mgeni aliacha chai ikiwa nusu.

Gari liliteremka. Mimi na wewe tulikuwa kiti cha nyuma. Kwenye kona ya kwanza, pale bonde linapofunguka, uligeuka, na mimi niligeuka. Mwamba wote ulikuwa umegeuka mweupe. Maji yalianguka kwa nguvu kuliko ya pichani, na mvuke wake ulipanda hadi kwenye miti. Ulifungua mdomo. Nilikushika mkono, kucha zangu zikaingia nyamani.

"Kuna nini huko nyuma?" baba yako akauliza.

Ulijua kwamba neno moja lingeligeuza gari. Ulijua kwamba chuo chako kilikuwa katika neno hilo.

"Ni vumbi, Baba," ukasema.

Usiku huo baba yako aliniambia kwamba nimekula chakula chake bure. Tangu siku hiyo sahani yangu huletwa chumbani, naye hanisalimu. Nimelipata nililolitaka. Wewe unauza sukari katika duka la yule yule mgeni, na wenzako wanavaa sare za uuguzi. Usiinue kalamu. Hayo nayo ni kweli, yaandike.

Sasa sikiliza cha kutunza. Picha ile ifute leo, mbele yangu. Jembe langu lenye mpini mfupi liko nyuma ya mlango. Lichukue, ndilo linalotoshea pale kwenye kizuizi. Ukifika juu, simama kando ya mfereji, usubiri mzee wa ukoo wa juu aseme wametosheka. Hata kama mahindi yako yanakauka, usifungue kabla yake. Kidole gumba changu kitawekwa mara moja tu, mbele ya wazee, shamba liwe lako. Usinishukuru, mgongo utakuuma.

Alama za kucha zikifutika mkononi, hilo si kitu. Na baba yako akikuuliza tena uliona nini kwenye ile kona, mjibu kama ulivyomjibu.