Koki Niliyoifungua Juu ya Harusi ya Watu

Mkiniuliza kwa nini siku hizi nikija Amu nalala kwa ami yangu mtaani Mkomani, chumba kimoja na binamu watano na redio isiyozimwa, huwa nasingizia mbu wa hotelini. Si mbu, jamani. Ni aibu, na leo kwa kuwa tumekaa wenyewe kwa wenyewe nitawaeleza yote, mradi msinikatize, maana nikikatizwa katikati nitaona haya na sitaendelea tena.

Nilikuwa nimekuja kuposa. Binti mwenyewe anaitwa Zuena, tulisoma naye chuo cha ualimu Mombasa, mimi mtu wa Pate na yeye wa kijiji kimoja cha ufukweni si mbali na Amu (kijiji sikitaji, wanaokijua wameshakijua), na baba yake, Bwana Kombo, alikuwa amekwisha kuwakataa wawili kabla yangu, mmoja wao kwa kosa la kuingia sebuleni na miwani ya jua. Kwetu mposaji haendi mwenyewe, huenda wazee, lakini Bwana Kombo alituma salamu kwamba huyu wa tatu anataka kumtazama kwa macho yake. Ikapangwa Ijumaa, baada ya Alasiri, nifike na ami yangu, Bwana Famau. Na Zuena alikuwa ameniambia waziwazi: baba akisema hapana, ni hapana, usiniandikie tena.

Sasa mtu mwenye akili angelala kwa ami yake. Mimi nikasema la, mwalimu mzima siwezi kufika kuposa nimerushiwa maji ya chumvi kwenye mashua, kanzu imenishika miguuni, nitalala palepale kijijini, katika ile hoteli kongwe ya ufukweni ambayo tangu utotoni naipita kwa mbali nikiitamani. Na nilipoingia, wallahi, nilijiona mfalme! Nyumba ilikuwa ya tajiri mmoja wa zamani, mlango wa nakshi mzito wa kusukumwa kwa bega, kuta nene zenye zidaka za kuwekea vyombo, kitanda kirefu cha kupandia kigoda, na ukifungua dirisha bahari yote ni yako. Asubuhi nikaletewa mahamri ya moto, mbaazi za nazi na papai lililokatwa kwa nakshi. Nikapiga picha kila kitu, mpaka kijiko.

Mengine yalikuwa mengine. Swichi ya chumbani kwangu iliwasha taa ya chumba cha jirani (na yeye akaizima kwake, tukashindana hivyo mpaka mmoja akachoka). Popo walikuwa na chumba chao juu ya kabati. Na maji ya bafuni yalitoka yakitaka, yakikataa yanakataa. Lakini mpokea wageni, Mutua, kijana wa Machakos aliyekaa pwani mpaka akajua kula urojo, alikuwa na jibu moja kwa kila jambo, tena kwa tabasamu: “Mwalimu, hii nyumba ni mzee. Mzee anabembelezwa.” Nikacheka, nikabembeleza. Nilikuwa na furaha ya kutosha kusamehe popo.

Nikarudi kutoka Swala ya Ijumaa, nikala, nikanyoosha kanzu yangu mpya kitandani, nikaingia kuoga. Nje kulikuwa na harusi nyumba ya pili, nasikia ngoma na vigelegele, nami nikawa napiga makofi mlemle bafuni kwa raha. Nikajipaka sabuni kutoka utosini hadi vidole vya miguu, povu hilo, kisha nikafungua maji nijimwagie. Yakatoka matone, yakakohoa, yakakoma.

Nilifanya nini? Nilichungulia ngazini nikaita, “Bwana Mutua!” Kimya. Nikaita tena, ngoma ikanizidi sauti. Sabuni imeshaanza kunichoma macho. Nikakumbuka kwamba tangi la maji liko juu kabisa, kwenye dari ya wazi, huenda mtu ameifunga koki kwa makosa, ni suala la kupanda ngazi chache, kuifungua na kushuka. Hapo ndipo nilipoharibu.

Taulo la hoteli lilikuwa fupi, halifiki pande zote kwa wakati mmoja. Natazama juu ngazini, naona kanga nzuri nyekundu imetandwa kutoka ukuta huu hadi ule. Nikajisemea, mfanyakazi ameanika nguo, hotelini nguo huanikwa popote. Nikaichomoa, nikajifunga kiunoni, nikapanda.

Najua mnavyonitazama. Mtoto wa Pate asiyejua maana ya kanga iliyotandwa njiani? Nyumba zetu zimebanana, dari ya huyu inaona ua wa yule, na ndiyo maana mwanamume hapandi dari bila kupaza sauti watu wajistiri, na kanga ikizuia njia basi huko mbele kuna wanawake, geuka urudi. Nimelijua hilo kabla sijajua kusoma. Lakini niliacha adabu zangu zote mlangoni kwa Mutua pamoja na viatu, nikajifanya mgeni wa hoteli.

Juu kulikuwa na jua kali na tangi jeusi lenye koki mbili. Macho yangu yalikuwa hayafunguki sawasawa, nikashika iliyo karibu, nikaizungusha kwa nguvu zote. Maji yakanguruma! Nikafurahi, wallahi nilisema alhamdulillahi kwa sauti. Kumbe koki ile ilikuwa ya kumwaga maji yote ya tangi wakati wa kulisafisha, na maji yake huenda sakafuni, yakafuata mteremko, yakaingia kwenye lile bomba la kutolea maji ya mvua linalochomoza ukutani, na bomba hilo linatazama ua wa nyumba ya pili.

Ngoma ilikatika katikati ya pigo. Kisha zikatoka kelele za wanawake, nadhani hamsini, nadhani mia, mimi nilisikia elfu.

“Mai! Mai haya yatoka wapi?”

“Halua! Ondoeni halua!”

“Bibi harusi! Hina yake haiyakauka, mfunikeni kwa mkeka!”

Nami, badala ya kuifunga koki na kukimbia, nilikwenda ukingoni nitazame kuna nini. Sekunde moja tu. Nikaona rangi nyingi, vichwa wazi vyote vimeinuliwa juu, na wao wakaona dume kifua wazi, kanga kiunoni, kichwa cheupe kwa povu. Nikaanguka chali kwa hofu, nikatambaa mpaka kwenye koki nikaifunga (tangi limeshakuwa tupu), nikakimbilia mlango wa ngazi.

Umefungwa! Mutua alikuwa amerudi kutoka kwenye jenereta, akakuta kanga aliyoitanda kwa mikono yake haipo, akasema wageni hawa hawana adabu, mtu asije akapanda, akatia komeo kwa ndani na kushuka kunywa chai. Nikagonga, nani anisikie?

“Mwanamume huyo! Mwanamume darini! Funga mato, weye!” sauti ya mama mmoja ilipanda mpaka mbinguni.

“Nimefunga! Sioni, mama! Wallahi sioni kitu!” Nikapiga magoti, nikabandika uso kwenye ukuta wa tangi, na mikono juu ya macho.

Hapo chini kikazuka kicheko kimoja, chembamba, kinachopanda ngazi mbilimbili kisha kikakatika kwa kukosa pumzi. Kicheko kile nilikaa nacho darasa moja. Alikuwa ameniambia binamu yake anaolewa wiki hiyo, mimi sikuuliza ni nyumba ipi.

“Zuena,” yule mama akasema, “wamjua huyu?”

“Simjui, mama,” Zuena akajibu bila hata kuvuta pumzi. “Sijamuona kabisa.”

Basi nikajua mengi kwa pamoja: kwamba yule mwenye sauti ni Bi Khadija, mama yake, kwamba nimewamwagia tangi zima jamaa za mchumba, na kwamba nina saa mbili hivi kabla ya kwenda kukaa mbele ya baba yake. Nikalia, ndiyo, kidogo, na machozi yalisaidia kutoa sabuni.

Baadaye bibi mmoja akaniita kwa upole, “Mwanangu, geuka sasa, jua litakuua. Tushajitanda sote.”

“Sigeuki, bibi,” nikasema na ukuta. “Sigeuki mpaka nitolewe.”

“Geuka tukurushie kofia.”

“Ahsante, bibi. Sigeuki.”

Wakacheka, wakarudi kwenye ngoma yao, na mimi nikabaki hapo nikichomwa mgongo mpaka Mutua alipokuja kutazama kwa nini bomba zote zimekauka. Alifungua mlango, akanitazama, akaitazama kanga, akashika kichwa. “Mwalimu! Si hiyo kanga ndiyo ilikuwa inakukataza?”

Ami Famau alikuwa ameshafika, yuko chini anaita kama muadhini. Maji hakuna hata tone, bahari nayo imekupwa, matope matupu. Nikajipangusa kwa taulo, nikavaa kanzu juu ya sabuni iliyokauka, kofia juu ya nywele zilizosimama, tukaenda. Msikitini nikatia udhu, na nilipopitisha mkono wa maji kichwani povu likaamka upya! Nikakandamiza kofia, nikaswali nawashwa.

Sebuleni kwa Bwana Kombo tuliketi juu ya mazulia, na kati yetu na chumba cha ndani palikuwa na pazia, na nyuma ya pazia nilisikia bangili. Mzee ni mwembamba, hacheki, anakutazama mpaka ukumbuke makosa ya utotoni. Akauliza nasomesha nini, naswali wapi, nikajibu vizuri. Nikaanza kupata roho. Hawakuniona sura, nikajisemea, povu limeniokoa, nitamaliza salama.

“Na hapa kwetu umefikia wapi?” akauliza.

Ulimi ukajiandaa kudanganya, lakini ami yangu, mpenda sifa, alinitangulia kwa kifua mbele: “Huyu? Huyu yuko hoteli ile ya pwani, Bwana Kombo! Chumba cha juu kabisa!”

Bangili zikanyamaza. Kisha nyuma ya pazia mtu akabanwa na kicheko, wa pili akamfuata, na sauti ya Bi Khadija ikasema taratibu, “Bwana, hebu muulize mgeni wetu, lile tangi lishajaa?”

Mzee hakuelewa, ndiye pekee ambaye hakuwa amesimuliwa. Ami akanigeukia. Nikaona Zuena ananipotea mbele ya macho yangu, na kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kukimbilia, nikasema yote, kutoka sabuni hadi komeo, nikiangalia zulia. Ami yangu alifunika uso kwa mkono wa kanzu. Nilipomaliza, Bwana Kombo alinitazama kutoka kofia hadi vidole vya miguu.

“Alitazama?” akauliza, si mimi, aliuliza pazia.

“Mara moja ya kushtuka,” Bi Khadija akajibu. “Baada ya hapo bibi alimwita geuka, tena na tena, kumjaribu. Ngoma ikapigwa, watu wakala, wakacheza, akabaki na ukuta wake kama mtoto alotiwa adabu. Mimi nimeridhika naye.”

Wakati huo jasho lilikuwa linanishuka, na chini ya kofia likakutana na sabuni. Nikahisi tone jeupe linateremka polepole kwenye paji la uso, likapita nyusi, likatua juu ya pua. Mzee akalifuata kwa macho mpaka lilipodondoka juu ya zulia lake.

“Hata sasa hujapata mai ya kujimwagia?”

“La, bwana. Nimekuja hivi hivi.”

Midomo yake ikatetemeka, akaikaza, ikamshinda. Akageukia pazia, akasema kwa sauti kubwa:

“Bi Khadija! Mtekeeni mkwe mai akoge. Hawezi kutoka nyumbani mwangu na povu kitwani.”

Mkwe! Sikusikia neno jingine siku ile. Nilioga kwa kata katika choo cha wakwe zangu nikiimba, huku nje vigelegele vinapigwa, na tangu hapo nimeapa mbele ya Mungu na mbele yenu: hata nyumba ikiungua moto, mimi sipandi dari ya mtu bila hodi tatu.