Sikio la Shangazi

Shangazi hukata vikabichi, vile vidogo kama ndimu, nusu kwa nusu, akavilaza kifudifudi kwenye mafuta ya moto. Kisha huvipa mgongo. Havigusi wala haviangalii. Anavisikiliza tu, nami hubaki mdomo wazi. Siku baba na baba mdogo walipofokeana hapo jikoni kuhusu kuuza nyumba ya marehemu babu, shangazi aliinua mwiko.

"Nyamazeni! Bado vinalia."

Wanaume wazima wakafyata ndimi. Mlio wa mafuta ukapungua, ukawa mnong'ono, ukakatika. Akavigeuza: vyote rangi ya kahawia, majani ya pembeni yamekauka kau. Akawatilia kwenye sahani moja.

"Haya, mlikuwa mnasema nyumba inauzwa?"

Yakajibu meno tu: kacha, kacha, kacha.