Ushuhuda wa Chuma

Wanawake wa kanisani walimwita Chuma, na jina lilimkaa vizuri mpaka alipolichoka. Alikuwa fundi cherehani, mke wa dereva wa lori aliyesikika kwenye simu zaidi ya alivyoonekana nyumbani, na huu ulikuwa mwaka wa tatu akimuuguza mama mkwe wake aliyepooza upande mmoja. Kumgeuza, kumwogesha, kumlisha, kumbadilishia shuka, yote yalikuwa yake. Mtu akijitolea kumsaidia, alijibu, "Namudu, dada, asante," kwa tabasamu la kumfungia mtu mlango kwa adabu. Basi wakaacha kujitolea. Na binadamu tulivyo, tukikatazwa kazi mara mbili, ya tatu hatuikumbuki.

Kwenye ushonaji alikuwa mtu wa kufumua. Mshono ukipinda kidogo tu, upinde ambao mvaaji mwenyewe asingeuona hata akipewa miwani, yeye aliufumua wote akaanza upya. Roho yake nayo aliiendesha hivyo hivyo. Kila jioni aliikagua siku yake, akatafuta palipopinda, kisha akamwahidi Mungu kwamba kesho itanyooka. Kusema kweli hakuwa akimwomba Mungu nguvu. Alikuwa akimpelekea ripoti.

Jumamosi ile alikuwa amebakiza kanzu moja ya kwaya, ya kumi na moja, iliyotakiwa kesho yake asubuhi. Alikata mikono. Ukikata mikono ya nguo mmoja mmoja, lazima ugeuze kielelezo cha karatasi kabla ya kukata wa pili, la sivyo yote itatoka upande mmoja. Jambo hili fundi hufundishwa wiki ya kwanza na halisahau tena. Chuma alilisahau. Alipoiweka mikono mezani akaona yote miwili ni ya kushoto. Akaipindua huku na huku, kana kwamba mmoja wao ungeona haya ukageuka wenyewe. Kitambaa kingine hakikuwepo.

Wakati huo huo mama mkwe aliita kutoka chumbani. Chuma alikwenda akakuta kitanda kimelowa, na shuka lile hata saa moja halikuwa limemaliza tangu litandikwe. Alimshika yule mama bega akamtikisa.

"Mama, nimechoka," alisema. "Si upumzike tu, na mimi nipumzike?"

Kupumzika ni neno jema. Tunawaambia wagonjwa, tunawaambia wageni waliotoka safari. Lakini tunalitumia pia kwa waliokwisha kuzikwa, na mle chumbani hakuna aliyekosea kujua ni kupumzika kupi kulikotajwa.

"Samahani, mwanangu," mama mkwe akasema.

Angetukana, ingekuwa afadhali.

Tangu hapo hakunywa kitu. Chai ya jioni aliikataa, akasema ametosheka. Maji aliyowekewa kando ya kitanda yalikutwa asubuhi yakiwa yamejaa kikombe vile vile, na midomo ya yule mama imeanza kupasuka. Shuka lilikuwa kavu kabisa. Chuma alilipapasa, akaelewa, akakaa ukingoni mwa kitanda. Alimbembeleza anywe walau funda moja. Mama akageuzia uso ukutani.

Na Jumapili hiyo, katika ushirika wa akina mama baada ya ibada, aliyepangwa kutoa ushuhuda ni Chuma. Mada ni uvumilivu. Ratiba ilibandikwa mlangoni tangu mwanzo wa mwezi.

Mwenyekiti wa akina mama alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke wa sauti kavu, ambaye wenzake walimwita Dakika kwa sababu kila shahidi alimpa dakika tatu na kumhesabia kwa saa ya mkononi. Ushuhuda pale ulikuwa na njia yake inayojulikana. Unasalimu, unaeleza taabu, unafika kwenye ushindi, unapigiwa makofi, unakaa. Chuma alikuwa na wake kwenye karatasi, umeandikwa vizuri, ushindi ukiwa mstari wa mwisho. Ibadani alikuwa ameshamwona mwimbaji mmoja amesimama na shati la nyumbani katikati ya kanzu kumi, na hakuna aliyemuuliza chochote. Chuma akikosa, watu walidhani kitambaa ndicho kilichokosa.

Alijua kinachomngoja. Akisoma karatasi ile watampigia makofi, naye atarudi kwa mama anayejikausha kwa ajili yake, na makofi hayo yatamfunga mdomo. Kesho hataweza tena kumwambia mtu kwamba nyumbani mambo yamemshinda. Na yule mama hatakunywa. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kuogopa kulihitaji nguvu asizokuwa nazo.

"Bwana asifiwe," alisema aliposimama.

"Amina," wakaitikia.

Akaikunja karatasi.

"Mimi si chuma. Jana nilimwambia mama mkwe wangu apumzike, na mnajua nilichomaanisha. Tangu jana hanywi maji, asije akalowanisha kitanda nikamkasirikia. Ushindi sina. Kuomba nako nimeshindwa. Basi, ni hayo."

Akakaa. Hakuna aliyesema amina, kwa sababu hakuna aliyejua kama ni mahali pake. Mama mmoja alikohoa. Mwingine alianza kupekua mkoba wake kwa bidii kubwa kutafuta kitu ambacho hakikupotea. Dakika zilikuwa zimebaki mbili na ushei, na mwenyekiti, ambaye hajawahi kumruhusu mtu kupoteza hata nusu, aliziacha zote zipite katika ule ukimya. Kisha akafunga kikao kwa sala fupi.

Nje alimfuata Chuma, wakatembea pamoja mpaka kwenye kona ya duka la dawa.

"Leo mchana nani anamgeuza mama?" Dakika aliuliza.

"Mimi."

"Wewe nakujua. Nauliza nani mwingine."

Chuma akaanza kutembea tena.

"Mtume mzima aliomba mwiba wake uondolewe, mara tatu, na haukuondolewa," Dakika alisema. "Akaambiwa aishi nao, nguvu atapewa zisizo zake. Sasa wewe ulitaka kumshinda mtume? Jumanne na Ijumaa ni zangu. Na leo."

"Namu..." Chuma alianza kwa mazoea. Dakika alisimama akamngojea amalize. Hakumaliza.

"Karibu," akasema mwishowe. Lilikuwa neno dogo, lakini lilimtoka kama jino.

Nyumbani Dakika alibaki sebuleni akivua viatu taratibu kuliko viatu vilivyohitaji. Chuma aliingia chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, nisamehe. Nilikutakia kifo."

Ulimi wa yule mama ulikuwa mzito tangu apooze, kila neno alilitafuta.

"Neno lile nimemwambia Mungu mimi mwenyewe," alisema. "Siku nyingi. Namwambia nipumzishe, huyu mtoto anaisha."

"Anakujibu nini?"

"Ananyamaza. Asubuhi ananiamsha, nakuona mlangoni."

"Nimenuna."

"Karibu kila siku," mama alisema, na upande mmoja wa mdomo wake ukacheka.

Chuma naye alicheka, kicheko kikamgeukia kikawa kilio, akalia ameweka kichwa kwenye lile shuka kavu. Mwaka wa tatu sasa alikuwa akijificha asionwe na mtu aliyekuwa anamwona kila asubuhi. Alipoinuka alichukua kikombe.

"Kunywa, Mama."

"Nitalowanisha."

"Lowanisha."

Mama alikunywa. Alikunywa funda, akapumua, akanywa tena, mpaka kikombe kikaisha, kisha akaomba kingine.

Jua lilikuwa halijashuka kitanda kilipolowa. Dakika alishatangulia ndani na beseni. Chuma alisimama mlangoni na shuka jingine mkononi, kiuno kikimuuma pale pale kilipomuuma jana, na safari hii hakumwahidi Mungu chochote.

"Bwana, nguvu sina," alisema, akaingia.