Punje Nyekundu za Mama Reginald

Saa moja asubuhi, Newala. Ethel Chilumba anakoroga nta iliyoyeyuka kwa mkono mmoja. Wa pili ameushikiza tumboni. Ndani ya khanga aliyojifunga kuna chupa mbili zilizowahi kuwa za dawa ya kikohozi. Zinahitaji joto la mwili.

"Hili ni tumbo," anajisemea, akichomoa ya kwanza yenye maji ya ukwaju. "Na huu ni utumbo." Ya pili ina maji ya majivu.

Kila chupa ina punje kumi nyekundu. Kwenye ukwaju zimetulia. Kwenye majivu, moja imepasuka. Uzi mwekundu unapanda polepole, na ukifika juu umeshakuwa wa manjano. Ethel anaukodolea macho, hapepesi.

Ana miaka arobaini na sita. Hukamua mchicha mwekundu, huchanganya maji yake na wanga wa muhogo, husugua unga huo kwenye chekecheo upate punje, kisha huzivika nta ya nyuki ili rangi isichujuke kwenye uji vuguvugu anaouza sokoni. Hakufundishwa na mtu.

Alianza 1983, wakati madukani hakukuwa na rangi wala sukari. Siku hizi, mwaka 1993, biashara ni ruksa na vikopo vya rangi ya chakula vimejaa sokoni. Hata hivyo wateja walimpenda. Aliuza vikombe arobaini vya uji kwa siku.

Jana aliuza vitatu.

Mwezi uliopita walina asali walikuwa kwenye mavuno ya korosho, nta ikapungua. Akaongeza mafuta ya karanga kwenye nta iliyobaki. Siku mbili baadaye Mama Pili, jirani yake, alisimama mlangoni na kopo mkononi.

"Shikamoo, Mama Reginald."

"Marahaba. Mbona huingii?"

"Siingii. Tazama mkojo wa mwanangu."

Ulikuwa mwekundu.

Mganga wa zahanati, Nicholaus, aliupima kwa hadubini, kwani kichocho kipo huku. Hakuona mayai ya kichocho wala damu. "Ni rangi tu," aliandika kwenye karatasi. Lakini karatasi haikusomwa sokoni. Wanawake sasa huvuka barabara wakimwona, na mmoja aliuliza kwa sauti, asikie: "Damu ya nani ile anayotupikia?"

Kinachomnyima Ethel raha si maneno hayo. Watoto kumi na wanne walikunywa uji wa sufuria moja. Kumi na tatu hawakuwa na lolote. Juzi Pili alikojoa mkojo mwekundu tena, na mama yake anaapa hajaonja uji ule tangu siku ya kwanza.

"Labda alikula mchicha kwa bibi yake," anajisemea Ethel, akikoroga nta. "Labda. Sijui miili yetu inaweka nini, wala kwa muda gani."

Analolijua analipanga taratibu. Mkojo ulikuwa mwekundu, si wa manjano. Basi rangi ilitoka mapema, kwenye uchachu wa tumbo, kwa sababu nta ilikuwa nyepesi. Nta nzito itaifikisha chini, utumboni, na huko itafifia kama kwenye chupa ya majivu.

Wanawake wa soko wamempa hadi kesho. Atakunywa uji mbele yao na kukaa nao hadi jioni. Kopo la mkojo wake litakaguliwa na Mama Pili mwenyewe. Likiwa jekundu, jiko lake litatolewa sokoni.

Mchana Mama Pili anapita uani. Anazitazama chupa.

"Bado unatembea na mimba yako ya vioo?"

"Bado. Kesho utakunywa nami?"

"Wewe! Unataka tukojoe wawili?"

Anacheka, lakini haondoki. Mwishowe anajibu chini kwa chini: "Nusu kikombe. Nijue mwanangu anabeba nini."

Ethel anawazia jiko la pili, Masasi mjini, iwapo kesho itakwenda vizuri. Kwanza nta. Anamimina punje sufuriani, anazigeuza kwa kijiko, anazitandaza kwenye ungo mojamoja zisigusane. Zinahitaji nguo tatu za nta. Ya kwanza imekauka. Ya pili bado inanata kidoleni. Ya tatu ataivika alfajiri.