Kadi Kichwa Chini

Mimi nauza kahawa hapa mjini Debre Tabor, na kinachotenganisha jiko langu na chumba cha Wubalem mpima macho ni mbao tupu zenye mianya. Mambo ya watu siyafuati. Yananifuata yenyewe. Kwa hiyo mkitaka kumjua Wubalem niulizeni mimi, msiende kwa mama yake, atawadanganya.

Ni msichana mfupi, mwembamba, anaongea kwa sauti ya chini, na haogopi mtu. Alipofungua chumba chake vijana walidhani kaja kuwauzia miwani myeusi ya kujishaua, wakajazana mlangoni. Akawa anawavalisha, anawageuza mbele ya kioo, kisha anawaharibia furaha yao: "Myeusi si lazima ikinge jua. Hii itaifanya mboni yako ifunguke, halafu jua liingie lote. Chukua hii ya kahawia iliyopimwa, au vaa kofia." Wananuna, halafu wanachukua ya kahawia. Mama akileta mtoto mwenye macho mekundu, Wubalem huuliza kwanza ameweka nini. Akijibiwa ni majani ya kuponda, anavuta pumzi ndefu ndipo aseme, "Jicho si chungu, dada yangu, usipike kitu humo. Muoshe uso kwa maji safi kila siku, na taulo lake asichangie na mtu." Hata mimi alinikataza kuinamia moshi ninapokaanga kahawa. Nikamwambia aniletee basi kahawa inayojikaanga yenyewe.

Lakini mjanja naye hukosea, na kosa la Wubalem lilitokana na heshima. Wazee wetu wengi walisomea shule ya kanisa. Ili wajisikie nyumbani, kwenye kadi ya kupimia macho aliwaandikia sala ya asubuhi kwa mkono wake, mstari wa juu herufi kubwa, wa mwisho ndogo kama punje za nafaka ya tefu. Miezi minne mizima, kila mzee aliyekalia kiti kile alisoma mpaka chini bila kukwama.

"Dada Tiringo," akaniambia siku moja, "mji huu wazee wake wana macho ya ajabu."

Nikamwambia ni kwa sababu ya mchuzi wa shiro tunaokula. Siku hiyo tulikuwa wajinga wawili.

Ndipo akaja Merigeta Yirga. Merigeta ndiye kiongozi wa waimbaji wa kanisa na mwalimu wao, na huyu wetu ana kilemba cheupe kikubwa na ulimi mkali kuliko wembe. Miaka yote aliwacheka wenye miwani. Alikuwa akisema miwani ni magongo ya watu waliochelewa kusoma. Sasa, wiki mbili kabla ya sikukuu ya Buhe, akapita mlango wangu wa pembeni ili asionekane barabarani, akaingia kwa Wubalem.

"Sijaja kwa shida yangu," akasema. "Nimekuja kuona kama kazi yako ni ya kweli."

"Karibu, Mwalimu. Nisomee hapa."

Akapokea kadi, akaanza. Jamani, ile sauti! Niliacha kukaanga, kahawa ikaungua. Alishuka mstari kwa mstari mpaka wa mwisho, akajiitikia amina mwenyewe.

"Mwalimu," Wubalem akasema polepole, "kadi umeishika kichwa chini."

Nilijiziba mdomo kwa shuka langu. Nilitaka kucheka, nakiri. Lakini mzee alipoanza kusema, kicheko kiliniisha.

"Mwaka wa sita huu sioni herufi, binti yangu. Vitabu vya kanisa vyote ninavyo kichwani, kurasa nafunua kwa kuhesabu. Lakini siku ya Buhe askofu analeta kitabu kipya, historia ya kanisa letu, kimeandikwa mwaka huu. Natakiwa kukisoma mbele ya watu wote. Hicho nitakitoa wapi kichwani? Gebeyehu anangoja. Siku nitakayokwama ndiyo siku atakayochukua fimbo yangu."

Gebeyehu ndiye msaidizi wake, na alikuwa akiitamani ile fimbo ya uongozi tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Nilimhurumia yule mzee, mimi ambaye kila siku nilikuwa nikimwogopa.

Wubalem hakucheka. Aliichana kadi yake vipande viwili, akachukua karatasi nyingine, akaandika harakaharaka. Kisha akamvalisha mzee fremu ya majaribio, akawa anabadilisha vioo kimoja kimoja huku akimuuliza kipi afadhali. Hatimaye mzee akaanza kusoma, kwa kudonoadonoa kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Kahawa... ya Tiringo... siku hizi... ina maji... kuliko mto." Akamgeukia Wubalem. "Ni kweli haya?"

"Endelea, Mwalimu."

"Na vikombe vyake... vina nyufa."

"Havina nyufa!" nikasema kupitia mbao. Nilikuwa nimesahau kwamba sisikilizi.

Wakacheka wote wawili. Mzee akairudia ile karatasi tangu mwanzo, safari hii kwa sauti ya kanisani, kahawa yangu na maji yangu yote ikaimbwa kama ibada. Alipomaliza alikuwa anafuta machozi. "Miaka sita," akasema, "sijasoma kitu nisichokijua."

Ikabaki fremu. Yeye aliitaka ile nene ya rangi ya dhahabu, maana kama ni kuaibika, aaibike kitajiri. Wubalem akakataa. "Wewe unainama, unapiga ngoma, unayumba. Hiyo nzito itakuponyoka puani ikavunjike. Na kilemba chako kinafunika masikio, mikono ya fremu iliyopinda itaning'inia wapi?" Akamchagulia nyepesi yenye mikono iliyonyooka, akamfundisha avae miwani kwanza, kisha ndipo afunge kilemba juu yake.

"Basi sitaweza kuivua mbele ya watu," mzee akasema.

"Hutaweza."

"Watu wataona."

"Wataona, Mwalimu. Na wewe utaona."

Akaitia mfukoni, akaondoka. Kwa siku kumi na nne hakuna aliyeiona ile miwani, na Wubalem hakupata usingizi. Alizunguka mjini akiwaita upya wazee wote aliokuwa amewasifu. Karibu wote walishindwa kusoma habari za kahawa yangu, na wachache walioweza wakazitangaza sokoni. Mmoja tu aligoma kurudi, Gebeyehu. "Nilishafaulu mimi," akasema.

Siku ya Buhe mvua ilikatika asubuhi. Watu walijaa uwanjani na mikate yao, askofu akaketi, na Merigeta Yirga akatokea na miwani, mikono ya miwani imezama ndani ya kilemba. Watu wakaguna.

"Magongo yamefika," Gebeyehu akasema, kwa sauti iliyopimwa ili isikike. Wengi wakacheka.

Mzee akafungua kitabu. Akasoma ukurasa wa kwanza wote, majina ya waliojenga kanisa na baba zao na babu zao, hakurukaruka wala hakukwama. Wubalem alikuwa ameushika mkono wangu mpaka ukauma, nami sikumwambia auachie. Nilikuwa na furaha ya kijinga, utadhani miwani ni yangu.

Askofu alipendezwa. Akasema ukurasa wa pili asome msaidizi. Gebeyehu akapewa kitabu. Akakisogeza mbali, akakisogeza tena, mpaka mkono ukaisha. Watu wakangoja. Kisha akafumba macho kidogo na kuanza, kwa sauti nzuri kabisa, sala ya asubuhi. Saa sita mchana.

Watu wakaanza kutazamana. Askofu akainua uso. Mimi, Mungu anisamehe, nilijiweka sawa nione Gebeyehu akilipwa. Ni mtu mmoja tu pale aliyeujua ule ujanja kwa ndani, naye alikuwa na mdomo wa kumaliza mtu kwa neno moja.

Merigeta Yirga akachukua ngoma. Akaipiga, akaidaka sala kwenye mstari wa pili. Waimbaji wakadhani ndivyo ilivyopangwa, wakaitikia, kina mama wakapiga vigelegele, askofu akakunja mikono kifuani. Wimbo ulipoisha, mzee akakipokea kitabu taratibu na kuusoma ukurasa wa pili mwenyewe.

Baadaye walipokaa wageni, niliwapelekea kahawa. Merigeta na Gebeyehu walikuwa wamekaa bega kwa bega, hawatazamani.

"Kesho asubuhi," Merigeta akasema, "pita mlango wa pembeni, kwa Tiringo."

Gebeyehu akakizungusha kikombe chake. "Nikishindwa hata huko?"

"Hutashindwa. Kadi nitakushikia mimi."