Waya wa Dada Arlys

Dada yangu Arlys ana nyumba, ila usijaribu kumwandikia barua, maana leo nyumba iko Dakota na wiki ijayo iko Teksasi. Ni gari refu la rangi ya maziwa, lenye kitanda, jiko, choo na meza ya watu wanne, wawe wembamba. Mumewe, marehemu Duane, alilinunua wiki aliyostaafu. Akaliendesha misimu miwili, Machi iliyofuata akafariki akiwa ameketi kitini akisubiri kahawa. Sote hapa kijijini kwetu Nordby tukasema basi, gari litauzwa. Wapi! Arlys alikuwa na miaka sitini na saba, mpishi wa shule kwa miaka thelathini na mmoja, hajawahi kushika usukani wa kitu kikubwa kuliko toroli la sufuria. Akalitoa gari hadi uwanja wa kanisa, siku za katikati ya juma pasipokuwa na watu, akajifunza kurudi nyuma. Aligonga pipa la taka mara tatu. Siku ya nne hakuligonga, na Jumatatu iliyofuata akaenda zake Arizona.

Tangu hapo, miaka minane sasa, kazi yake ni kutembelea watu. Binamu zetu, rafiki aliyekuwa jeshini na Duane, mama mmoja waliyekuwa wakimenya naye viazi shuleni. Anaegesha uani kwako, anachomeka waya wake kwenye soketi yako ya nje, analala kitandani kwake. Mwaka wa kwanza mke wangu Marcene alinuna. Alikuwa ametandika chumba cha wageni, shuka mpya kabisa.

"Wifi," akamwambia, "kwangu kuna kunguni?"

"Wifi yangu, kitanda nimekuja nacho. Nilichokosa ni meza yenye watu."

Marcene akacheka, yakaisha. Na desturi yake ni hiyo: usiku tatu tu, hazidishi hata umlilie, na jioni ya mwisho mwenyeji ndiye anayepanda garini kula chakula alichopika yeye. Anakupokea mlangoni na aproni yake ya shule, anakuambia, "Karibu, leo mgeni ni wewe." Mimi kila mwaka nagonga kichwa kwenye kabati lile lile, na kila mwaka anacheka kama ndiyo mara ya kwanza.

Sasa nieleze kosa, na naomba mnivumilie, maana bado linanichoma.

Arlys ana mtoto mmoja, Curtis, anaishi Minneapolis. Kijana mzuri, ana miaka hamsini lakini kwangu ni kijana. Kiangazi kabla ya kosa hilo, Arlys alikwaruza ubavu wa gari kwenye nguzo ya kituo cha mafuta. Curtis akaogopa. Akamwambia, "Mama, kosa moja tena, funguo unanipa mimi na gari tunaliuza." Arlys akamjibu, "Haya, nimekubali." Na kwetu mtu akishasema nimekubali, imekwisha hiyo.

Lakini hofu ya Curtis haikuwa nguzo. Mama yetu alianza kupotewa na kumbukumbu akiwa na miaka sabini na mitano. Alianza kwa kuacha jiko likiwaka, akamalizia kwa kuniita kwa jina la baba. Arlys ndiye aliyemtunza miaka sita yote, kumwogesha, kumlisha, kumtafuta barabarani. Mimi nilikuwa nikija Jumapili na mfuko wa machungwa, nakaa saa moja, naondoka. Mwaka huo wa nguzo, Arlys alikuwa ametimiza sabini na mitano.

Kwa hiyo alijitungia daftari. Kila mara kabla ya kuondoka analizunguka gari zima, na kila kitu anachokagua anakiwekea alama ya vema. Ngazi imepandishwa, vema. Turubai limekunjwa, vema. Gesi imefungwa, vema. Waya umechomolewa, vema. Zamani ilikuwa kazi ya watu wawili, Duane nje akipiga kelele na yeye ndani akiitikia. Sasa anapiga kelele na kuitikia mwenyewe, majirani zangu wamezoea.

Oktoba akafika kwetu akielekea kusini kabla ya theluji. Usiku tatu, chakula, kabati, kichwa changu. Jumanne asubuhi akazunguka gari na daftari lake, nikamsikia hadi jikoni: "Waya! Umetoka!" Nikampa samaki niliowavua ziwani na kuwagandisha, mfuko mzima, akawatia kwenye friza yake. Akaja ndani kuaga.

Hapo ndipo penye balaa. Sisi watu wa huku hatujui kuagana. Unaaga mezani, mtu anakumbuka habari ya fulani, unaketi tena. Unaaga mlangoni, unashikwa mkono robo saa. Unaaga uani, halafu unaaga tena kupitia dirishani na injini inanguruma. Ukiondoka kwa kuaga mara moja, watu wataulizana ni nani aliyekukosea. Basi Marcene akatoa keki ya tufaha, kahawa ikawekwa upya, na mimi nikaanza kuwaza samaki wangu. Gesi kafunga, umeme kachomoa, friza imezima mpaka awashe injini, na jua linapiga ubavu wa gari. Watayeyuka hawa! Nikatoka taratibu na kikombe mkononi, nikaukunjua waya wake, nikauchomeka tena ukutani. Friza ikaanza kuvuma. Nikarudi mezani nimeridhika, nikamkuta Marcene katikati ya kisa cha mchungaji na nyuki, nikacheka, na waya ukanitoka kichwani kabisa.

Saa nzima baadaye Arlys akapanda, akapunga mkono, akaondoa gari. Tukasikia *paa!* Soketi ikang'oka na ubao wake wa ukutani, cheche zikaruka, waya ukaburuzwa kwenye changarawe, na kichwa cha waya upande wa gari kikavunjika vipande viwili. Akafunga breki. Na mimi, Mungu anisamehe, neno la kwanza lililonitoka lilikuwa hili: "Arlys! Ulisahau waya!"

Lilinitoka kwa sauti kubwa. Jirani yangu Orrin alikuwa uani kwake akifagia majani, akasimama na ufagio. Na mimi nimefanya kazi ghala la nafaka miaka arobaini, msimamizi wa usalama, nimefukuza watu kazi kwa kusahau swichi. Nikakitazama kikombe mkononi mwangu, nikakumbuka. Ningesema pale pale, ingekuwa kicheko cha dakika mbili. Sikusema.

Arlys akashuka polepole. Akatazama tundu ukutani, akatazama waya, akafungua daftari. "Niliweka vema," akasema, si kwa kunijibu mimi. "Nilikagua. Niliona nimechomoa."

"Umechoka tu, wifi," Marcene akamwambia, akamshika bega.

Fundi wa umeme akasema atakuja Jumamosi. Arlys mwenyewe ndiye aliyempigia Curtis simu, hakungoja mtu amsemee. "Nimefanya kosa," akamwambia. "Njoo." Curtis akasema naye atafika Jumamosi.

Siku nne hizo sitaki kuzirudia maishani. Kila asubuhi nilijiambia leo nasema, na kila asubuhi ilikuwa ngumu kuliko jana yake, maana sasa ningelazimika kueleza na ile jana. Kula nikala, uongo sikusema, nilinyamaza tu. Nikajifanya nina kazi nyingi sana bandani.

Alhamisi Arlys akanifuata huko huko. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, daftari mapajani.

"Verlyn," akasema, "mama alianza vipi? Nakumbuka jiko. Lakini kabla ya jiko kulikuwa na kitu? Wewe uliona nini?"

"Mimi sikuwepo," nikasema. "Wewe ndiye uliyekuwepo."

"Ndiyo, lakini nilikuwa karibu mno. Nilidhani labda wewe uliona." Akapitisha kidole kwenye ile alama ya vema. "Linalonitisha si kusahau. Kusahau kila mtu anasahau. Mimi nakumbuka kabisa kitu ambacho hakikutokea. Nakumbuka hata baridi ya plagi mkononi. Mama naye alikuwa hivyo, unakumbuka alivyoapa kwamba amekwenda dukani?"

Nilikuwa na spana mkononi. Nikaigeuza, nikaitazama kana kwamba imeandikwa kitu. Mtu mwenye utu angesema pale. Mimi nikamwambia, "Nenda ndani, kuna baridi." Akaenda. Nilijichukia hadi nikashindwa kula chakula cha mchana, na Marcene akaniuliza kama naumwa.

Jumamosi fundi akaja akatengeneza akaondoka. Curtis akafika peke yake, mkewe hakuja, macho mekundu kwa kuendesha tangu alfajiri. Tukaketi kula. Marcene alipika bakuli la nyama na viazi la kuoka, na lefse, zile chapati zetu za viazi, ambazo Arlys huzipenda kuliko keki. Hakugusa. Alipoona wote tumekaa, akatoa funguo mfukoni akaziweka mezani, karibu na sahani ya Curtis.

"Kabla hujasema, niache niseme mimi," akasema. "Silii. Nimelala kwenye yadi ishirini na saba za watu. Hakuna hata mmoja aliyenikatalia soketi yake. Binamu Gudrun alinifagilia theluji. Yule mzee wa Teksasi, rafiki wa baba yako, alikuwa ananitengea nafasi chini ya kivuli tangu wiki moja kabla, hakuna anayeruhusiwa kuegesha. Marcene amenipa maji, umeme na meza miaka minane, hajawahi kuniuliza naondoka lini. Nilidhani Duane akifa nitabaki nikitazama ukuta. Badala yake nikapewa watu wote hawa. Nashukuru. Nimeshiba. Chukua, mwanangu, na mkinipeleka kwa daktari nitakwenda bila ubishi."

Curtis akainamisha kichwa, akanyoosha mkono.

"Ziache hapo," nikasema.

Sauti ilinitoka vibaya, kama ya mtu aliyepaliwa. Wote wakanigeukia.

"Waya niliuchomeka mimi. Wewe ulichomoa, Arlys. Nilikusikia ukichomoa. Mlipokuwa kwenye keki nilitoka nikauchomeka tena, kwa ajili ya wale samaki. Nikasahau. Mimi ndiye niliyesahau."

Marcene akaweka kijiko chini. Arlys hakusogea.

"Sema tena," akasema.

Nikasema tena.

"Baada ya mimi kuzunguka?"

"Baada ya wewe kuzunguka."

"Baada ya vema?"

"Baada ya vema, dada."

Akasimama. Nikajua sasa nakula kofi, na nilikuwa nimejiandaa, hata miwani nilivua. Akapita nyuma ya kiti changu akatoka nje, mlango ukajibamiza. Tukabaki tunatazama viazi. Curtis akaniambia polepole, "Mjomba. Siku nne?"

Arlys akarudi na daftari. Akalifungua mbele yangu, akalibandika mezani hata mchuzi ukaruka.

"Soma."

"Waya umechomolewa," nikasoma.

"Halafu?"

"Vema."

"Kwa hiyo ilitokea! Ile baridi mkononi ilikuwa kweli!" Hapo ndipo machozi yalipomshuka, huku anacheka, huku ananichapa begani na taulo la jikoni, tena kwa nguvu. "Mjinga wewe! Siku nne najiona nimefuata njia ya mama! Siku nne, Verlyn! Nilishaanza kuchagua nani abaki na sufuria zangu!"

"Nichape tu," nikasema.

"Nakuchapa, unadhani nafanya nini?" Halafu akaacha. Akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, kama alivyokuwa akinishika nikiwa mdogo akitafuta chawa. "Asante," akasema.

"Asante ya nini, Arlys?"

"Ungeweza kunyamaza hadi kaburini. Umenirudishia akili yangu. Asante."

Mimi nilistahili kufukuzwa kwenye meza yangu mwenyewe, nikapewa asante. Nililia mbele ya mpwa wangu, na wala sijali. Curtis naye akazisukuma funguo zikavuka meza hadi kwa mama yake. "Mjomba," akasema, "leseni yako iko wapi? Nadhani tulikuwa tunamnyang'anya funguo mtu siye." Marcene akacheka hadi akatoka kwenda kunawa uso. Arlys akajipakulia, akala lefse nne.

Akaondoka Jumapili baada ya ibada. Tulimuaga mezani, mlangoni, uani na dirishani, kama kawaida, ila safari hii Curtis alinishika mkono wakati wote. Arlys akazunguka gari, akarudi akazunguka tena, akasimama mbele ya soketi mpya akaigusa. Kisha akaondoka, na hakuna kitu kilichofuata nyuma yake isipokuwa vumbi.

Siku tatu baadaye, saa mbili asubuhi, simu ikalia.

"Verlyn, uko wapi?"

"Niko jikoni. Kuna nini?"

"Una nini mkononi?"

"Kikombe."

"Marcene yupo?"

"Yupo, ananitazama."

"Vizuri. Kaa hapo hapo. Mimi niko kwa Gudrun, nataka kuondoka."

Tangu hapo hajaacha. Kila anapotaka kutoka kwenye yadi ya mtu, iwe Teksasi, iwe Arizona, anazunguka gari lake, anaweka vema zote, na kwenye mstari wa mwisho wa daftari ameniongeza mimi. Kwa hiyo asubuhi sitoki nyumbani mapema siku hizi. Nakaa jikoni, kahawa inapoa, nasikiliza simu. Ikilia naipokea haraka, namwambia niko hapa, dada, sijagusa kitu. Nasikia kalamu yake ikikwaruza karatasi. Kisha anasema asante, anawasha gari.