Amechinja Nani?

Mimi kukaa siwezi. Hata kanisani nilikuwa nakaa mwisho wa benchi, mguu mmoja uko nje tayari. Mume wangu alizoea kunitania kwamba mama alinizaa akiwa njiani kwenda sokoni Mlalo, akanifunga mgongoni, akaendelea na safari. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa kazi ya kufariji.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, tulipokuwa tukilima shamba la kijiji kila asubuhi kwa zamu. Jirani yetu wa chini, Mwislamu, alishikwa na kichomi Jumatatu, na Ijumaa tukamzika. Aliacha mke na kichanga cha miezi miwili. Matanga yakaisha, watu wakarudi makwao, mjane akabaki ndani na eda yake. Sisi akina mama wa usharika tukagawana kazi: huyu kuni, yule maji, mwingine ampalilie maharage. Nikasema chakula niachieni mimi.

Taabu ni kwamba alikuwa hali chakula. Nampelekea uji, anaonja vijiko viwili, anaweka kando. Makande, hivyo hivyo. Siku ya tano maziwa yakaanza kukauka. Mtoto ananyonya, anaachia, analia, anarudi, analia tena. Kilio kile kilinifuata mpaka jikoni kwangu, kikanifuata mpaka mtoni. Mimi nasukuma mlango, naweka bakuli, nafagia, nachochea moto, natoka. "Pole, mdogo wangu," nasema nikiwa nimeshafika kizingitini. Nilikuwa naogopa, sifichi. Niliona nikikaa ataniambia jambo nisilo na dawa yake.

Siku ya sita uvumilivu ukanishinda. Nikamkamata kuku wangu mwekundu, yule mtagaji, nikamchinja mwenyewe nyuma ya jiko, nikachemsha supu, nikashuka nayo mbio mpaka nikaungua kidole.

Akainua kifuniko. Nikamwona anameza mate. Nikajisemea, haya, Bwana asifiwe, leo anakula! Akachukua kijiko, kisha akakirudisha.

"Dada," akaniuliza taratibu, "amechinja nani?"

Jamani! Nilitamani ardhi inimeze. Si kwamba nilikuwa sijui. Nani huku milimani asiyejua? Miaka yote hiyo hakuna kuku aliyechinjwa na mtu wa nyumbani kwangu. Iwe Krismasi, iwe ubatizo, hata mgeni akitokea ghafla, kuku alishushwa kwa jirani wa chini achinje yeye, ili wote tule chungu kimoja. Na jirani huyo ndiye tuliyemzika. Mikono yangu ilikosa mahali pa kumpeleka kuku ikashika kisu yenyewe, nami kwa haraka zangu sikusimama hata kidogo kujiuliza kwa nini.

"Nimechinja mimi," nikasema. "Nisamehe, mdogo wangu."

"Hukukusudia," akajibu, akafunika bakuli polepole, akanisogezea.

Angenigombeza ningepumua. Nikapanda na supu yangu, wakaila nyumbani, mimi haikunishuka. Nikamkamata jogoo, akiwa hai safari hii, nikamtia kwapani na kukimbia hadi shamba la kijiji, ng'ambo ya bonde, ambako nilitakiwa niwe tangu asubuhi. Balozi wa nyumba kumi akaniona, akaanza: "Wewe mama, saa hizi ndiyo unafika? Na jogoo juu?" Nikamwambia sina muda wa kugombezwa, nataka Mwislamu mwenye kisu. Watu wakaangua kicheko. Nilipoeleza supu ni ya nani, mzee mmoja aliyekuwa akiswali pamoja na marehemu akaweka jembe chini, akanawa kwa maji yake ya kunywa, akaelekea kibla, akachinja pale pale pembeni mwa mahindi. Balozi mwenyewe alishika miguu ya jogoo, na habari ya kuchelewa kwangu hakuitaja tena.

Sikupika kwangu. Nilipika kwa mjane, kwa sufuria yake, yeye akiniangalia. Sikungoja aulize, nilimwambia mapema: "Kachinja mzee wa pale karibu na msikiti." Akasema bismillahi, akala. Alikula firigisi, akala paja, akanywa mchuzi mpaka jasho likamtoka puani. Kisha akamweka mtoto kifuani. Mtoto akavuta, akaachia. Akarudia. Akatulia. Sijui kama maziwa huja upesi hivyo, ila nilichokiona nimekiona, alinyonya mpaka akasinzia.

Basi kazi imekwisha, nikawaza. Nikakusanya vyombo ninyanyuke. Akanishika pindo la kanga.

"Kaa, dada."

"Niache kwanza nioshe hivi, nakuja."

"Kaa." Alikuwa anaiangalia mifupa iliyobaki kwenye bakuli. "Sasa Krismasi ninyi mtachinjiwa na nani?"

Siku sita nilishuka kumfariji, naye tangu mazishi hakuwa ametoa chozi mbele ya mtu. Alipouliza hivyo, mimi niliyekuja kufariji nikawa wa kwanza kulia. Nikakaa sakafuni, bega langu kwenye bega lake. Tulimlia yule bwana mpaka mchuzi ukaganda kwenye bakuli, na sikunyanyuka kuviosha vyombo.